Nukta ya √2 itakaa wapi kama desimali zake haziishi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha kwanza. Tumepewa zoezi la kuonyesha kwenye mstari mmoja wa namba −7/4, 0.666…, −√3, √2, √5 na π. Kikokotoo kinanipa √2 ni 1.414213562, na tumeambiwa tarakimu zake haziishi. Sasa kama haziishi, nukta naiweka wapi? Si itakuwa inasogea kila nikiongeza tarakimu? Halafu mwenzangu kaweka −√3 kushoto mwa −7/4, mimi nimeiweka kulia. Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Aliyepatia ni wewe, na sababu utaiona huko mbele. Tuanze na hilo la nukta inayosogea, maana linawatatiza wengi na wachache ndio wanaouliza.

Nukta haisogei. √2 ni urefu mmoja tu, ule ambao ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 2, na unaishia mahali pamoja kwenye mstari sawasawa na urefu wa 1 au wa 3. Kisichoisha ni maelezo yetu ya mahali hapo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni: unamtajia mkoa, kisha wilaya, kata, mtaa, mpaka namba ya nyumba. Kila neno linapunguza eneo la kutafuta, ila nyumba iko palepale tangu ulipotaja mkoa.

Tazama hesabu yenyewe. 1 × 1 ni 1 na 2 × 2 ni 4, basi √2 iko kati ya 1 na 2. 1.4 × 1.4 ni 1.96, pungufu, 1.5 × 1.5 ni 2.25, imezidi. Kwa hiyo iko kati ya 1.4 na 1.5. Endelea: 1.41 inatoa 1.9881 na 1.42 inatoa 2.0164, kisha 1.414 inatoa 1.999396 na 1.415 inatoa 2.002225. Kila tarakimu mpya inakigawa kipande ulichobaki nacho katika sehemu kumi na kukuambia uingie ipi. Haiwezi kukutoa nje ya kipande ulichokwisha kupewa. Ndiyo maana nukta haitangitangi: unachosogeza ni kuta mbili zinazoibana, na kuta hizo zinakaribiana tu.

Sasa lete hilo kwenye karatasi. Tukichukua kizio, yaani umbali wa kutoka 0 hadi 1, cha milimita 36 (sababu ya kipimo hicho nitaieleza), kipande cha kutoka 1.4 hadi 1.5 kina milimita 3.6, na cha kutoka 1.41 hadi 1.42 kina milimita 0.36. Alama ya penseli iliyochongwa vizuri ina unene wa karibu nusu milimita. Maana yake, tarakimu mbili baada ya alama ya desimali zinakutosha kabisa kwa mchoro wako. Ya tatu inamezwa na unene wa penseli. Kikokotoo kikikupa tarakimu tisa, saba za mwisho hazina kazi kwenye karatasi hii.

Na usidhani kwamba desimali isiyoisha ni dalili ya namba kuwa na kasoro. Theluthi ya saa ni dakika 20 kamili, hakuna kinachobaki. Theluthi hiyohiyo ukiiandika kwa desimali inakuwa 0.333… bila kikomo, kwa sababu tu 60 inagawanyika kwa 3 na 10 haigawanyiki. Kwa theluthi, basi, lawama ni ya mfumo wetu wa kumi. √2 ni habari nyingine: tarakimu zake hazikomi wala hazijirudii kwa mpangilio, uandike kwa kumi, kwa mbili kama kompyuta, au kwa sitini kama Wababeli. Kipo kibao cha udongo cha Wababeli hao, cha zaidi ya miaka 3,500, kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kinachoitoa √2 kama 1, 24, 51, 10, yaani 1 + 24/60 + 51/3600 + 10/216000. Hiyo ni 1.41421296 hivi. Wamekaribia ajabu, lakini nao wameishia njiani.

Kwa nini haikomi? Kwa sababu √2 haiandikiki kama sehemu, na uthibitisho wake ni mfupi. Tuseme ni sehemu p/q, juu na chini namba za kuhesabia. Basi p² = 2q². Vunja kila upande katika vigawo tasa, kisha hesabu 2 zilizomo. Namba ikizidishwa kwa yenyewe, kila 2 iliyokuwamo inatokea mara mbili, kwa hiyo p² ina 2 kwa idadi shufwa, na q² vilevile. Lakini upande wa kulia umeongezewa 2 moja, idadi yake inakuwa witiri. Pande mbili zilizo sawa haziwezi kuwa na 2 kwa idadi shufwa huku na witiri kule. Kwa hiyo sehemu ya namna hiyo haipo.

Tuje kwenye kuchora. Kosa kubwa hufanyika kabla ya nukta ya kwanza, wakati wa kuchagua kizio. Namba zako zinaanzia −1.75 hadi 3.14, basi mstari uanzie −2 mpaka 4, vizio 6. Karatasi ya A4 ikilazwa ina milimita 297. Wengi watachukua sentimita 4 kwa kizio kwa kuwa inaenea na inapendeza. Inaenea kweli, ila theluthi yake ni milimita 13.33, na hapo unaanza kubahatisha. Angalia kwanza asili, yaani namba za chini, za sehemu ulizopewa: 4, na 3 (0.666… ni 2/3, tutaiona). KDS (kigawe kidogo cha shirika) yake ni 12. Tafuta kizio chenye milimita zinazogawanyika kwa 12: 24, 36, 48. Hiyo 48 inadai milimita 288 kwa vizio 6, karatasi inabaki bila pambizo. 36 inadai 216, inakaa vizuri, na robo yake ni milimita 9 kamili, theluthi milimita 12 kamili.

Chora mstari wa sentimita 26 hivi wenye mishale pande zote mbili. Weka 0 sentimita 10 kutoka mwisho wa kushoto. Alama zote zipime kutoka 0 hiyohiyo: kulia milimita 36, 72, 108, 144; kushoto 36 na 72. Usihamishe rula kutoka alama hadi alama, kwa sababu ukikosea nusu milimita kila unapohamisha, ukifika kwenye 4 umeshapotea milimita 2. Angalia pia rula yako: kwenye nyingi alama ya 0 haiko ukingoni, imeingia ndani kidogo, na anayepanga ukingo wa plastiki badala ya alama hukosea kila kipimo kwa kiasi kilekile. Na unapohesabu, hesabu nafasi, si vistari. Kistari cha 0 si "moja".

Sehemu zinaenda haraka. Kwa 0.666…, iite x. 10x ni 6.666…; toa, 9x = 6, basi x = 2/3. Pima milimita 24 kulia mwa 0. Anayeikata kuwa 0.6 ataiweka kwenye 21.6, na kosa hilo linaonekana kwa macho. −7/4 ni −1¾. Hapa wengi huteleza: wanakwenda −1 halafu wanarudi kulia robo tatu, wanaangukia −¼. Alama ya hasi inahusu yote, 1 pamoja na ¾, kwa hiyo ukishafika −1 unaendelea kushoto robo tatu nyingine. Milimita 63 kushoto mwa 0.

Siku ukipewa asili isiyokubali milimita, kwa mfano 3/7, tumia daftari lako la mistari. Kata kipande cha karatasi chenye urefu wa vizio 3, milimita 108. Kilaze kwa mshazari juu ya ukurasa wenye mistari, mwanzo wake ukiwa juu ya mstari mmoja na mwisho wake juu ya mstari wa nane kutoka huo, yaani nafasi 7. Weka alama kila mstari unapokikata. Kwa kuwa mistari ya daftari ni sambamba na inaachana kwa kipimo kimoja, kipande chako kimegawanyika sehemu 7 zilizo sawa, na kila moja ni 3/7 ya kizio, bila kikokotoo. Ukijaribu kugawa kizio kimoja cha milimita 36 haitawezekana: mistari ikiachana milimita 8, nafasi 7 ni milimita 56, na kipande kifupi kuliko hapo hakifiki hata ukikisimamisha wima. Ndiyo sababu ya kuchukua vizio 3.

Vipeuo sasa. Kwa √2, simamisha mstari wa wima kwenye 1, wenye urefu wa kizio kimoja. Kama huna kifaa cha pembe mraba, kona ya karatasi mpya ya A4 inatosha. Kutoka 0 hadi ncha ya juu ya mstari huo ni √2, kwa kanuni ya Pythagoras (kwenye pembetatu yenye pembe mraba, vipeo vya pili vya pande mbili fupi vikijumlishwa vinatoa kipeo cha pili cha upande mrefu): 1² + 1² = 2. Choma sindano ya bikari kwenye 0, ifungue hadi ncha hiyo, kisha shusha tao mpaka likate mstari wa namba. Hapo ndipo √2 inapokaa, milimita 50.9 kutoka 0, na hukutumia tarakimu hata moja ya desimali. Kwa √5 fanya vilevile, ila wima usimame kwenye 2: 2² + 1² = 5, tao likate kwenye milimita 80.5.

Kinachoharibu mchoro huu ni pembe. Wima wa √2 ukiinama digrii 2 tu, nukta inahama karibu milimita 0.9, kwa √5 ni zaidi kidogo ya milimita 1. Bikari iliyolegea kwenye kiungo nayo huongeza yake bila kukuaga. Kaza kabla ya kuanza.

Karatasi ya A4 yenyewe imebeba √2, kwa njia. Upande wake mfupi ni milimita 210 na mrefu 297. Kunja kona ili upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, mkunjo utakuwa ulalo wa mraba wa milimita 210. Linganisha mkunjo huo na upande mrefu wa karatasi nyingine: zinalingana, kwa sababu karatasi za jamii hiyo zimekatwa ili urefu uwe √2 mara ya upana. Ni namna ya haraka ya kumwonyesha mtu kwamba namba hii ina urefu wa kushikika.

Kwa −√3 wengine wanapanda ngazi: wanatoka kwenye √2, wanasimamisha wima mwingine wa kizio kimoja hapo, wanapata √3. Njia ni halali, lakini kosa la √2 linabebwa hadi √3. Bora hii: simamisha wima mrefu kwenye 1, fungua bikari vizio 2, sindano kwenye 0, kata ule wima. Kimo cha pale ulipokata ni √3, kwa sababu 2² − 1² = 3. Chukua kimo hicho kwa bikari, rudisha sindano kwenye 0 na kata upande wa kushoto. Utapata milimita 62.35.

Hapo sasa ndipo mlipogombana. −7/4 iko milimita 63, −√3 iko milimita 62.35. Tofauti ni milimita 0.65, unene wa alama moja ya penseli na ushee. Wima wako ukiinamia upande wa 0 kwa digrii 1 tu, nukta ya −√3 inaikalia −7/4. Kwa maneno mengine, mchoro hauwezi kuamua kesi hii, wala usiuulize. Iamue kwa hesabu: pandisha zote kipeo cha pili bila alama ya hasi. (7/4)² ni 49/16, yaani 3.0625. (√3)² ni 3. Basi 7/4 iko mbali zaidi na 0 kuliko √3, na upande wa hasi aliye mbali na 0 ndiye mdogo, ndiye anayekaa kushoto. −7/4, halafu −√3. Mwenzako huenda alijua vizuri kwamba 1.75 inazidi 1.732, akasahau kwamba ukivuka 0 mpangilio unageuka.

Ili msahihishaji aone tofauti, chora chini yake mstari wa pili, wa kukuza: sentimita 10 zinazoonyesha kuanzia −1.8 hadi −1.7 peke yake. Kila sentimita ni 0.01. Nukta ya −7/4 inakaa sentimita 5 kutoka kushoto, ya −√3 sentimita 6.8. Unganisha mstari huu na ule mkuu kwa vistari viwili vya nukta nukta ili ieleweke umekuza wapi.

π haina ujanja wa bikari. Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann wa Ujerumani alithibitisha jambo ambalo matokeo yake ni kwamba urefu wa π hauwezi kuchorwa kwa rula na bikari, kwa hatua zozote zile. Unabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kukadiria: 3.14 × 36 inakupa milimita 113, yaani milimita 5 kulia mwa 3. 22/7 nayo itakuweka palepale, kwa sababu inaizidi π kwa 0.00126 tu, na kwenye kizio chako hiyo ni chini ya milimita 0.05. Ungehitaji kizio cha karibu sentimita 79 ili 22/7 na π ziachane milimita 1. Hata hivyo usiandike π = 22/7; kukaa palepale kwenye karatasi si kuwa namba moja.

Njia ya pili ni kuviringisha. Kata duara la kadibodi lenye kipenyo cha kizio kimoja, milimita 36, tia alama ukingoni, weka alama hiyo kwenye 0 na uviringishe mzunguko mmoja bila kuteleza. Mahali alama inapogusa tena mstari ni π. Wapo wanaozungushia uzi kisha wanaunyoosha, na wanashangaa kupata milimita 116. Uzi wa unene wa milimita 1 hauzunguki duara la kipenyo cha 36. Katikati yake inazunguka kipenyo cha 37, na hiyo inaongeza milimita 3.1. Tumia ukanda wa karatasi nyepesi badala ya uzi.

Limebaki moja chini ya swali lako. Tunajuaje kwamba pale tao la √2 linapokata kuna namba, na si pengo? Sehemu zimejaa kwenye mstari: chukua zozote mbili, wastani wake ni sehemu nyingine iliyo katikati, na hivyo bila mwisho. Lakini tulishaona hakuna sehemu hata moja ambayo kipeo chake cha pili ni 2. Mstari ungekuwa na sehemu peke yake, tao lingepita bila kugusa chochote. Richard Dedekind, mwanahisabati wa Ujerumani, alilimaliza hilo katika kijitabu cha 1872. Weka kushoto sehemu zote za hasi, 0, na zile za chanya ambazo kipeo chake cha pili hakifiki 2. Weka kulia zilizobaki. Kushoto hakuna iliyo kubwa kuliko zote, kulia hakuna iliyo ndogo kuliko zote, na mpakani hakuna sehemu. Kila mkato wa namna hiyo, akasema, una namba yake moja. Mkato huu namba yake ni √2. Sehemu pamoja na namba za mikato yote ya aina hiyo ndizo namba halisi, na ndizo zinazouziba mstari.

Kwa mantiki hiyohiyo 0.999… na 1 ni nukta moja. Zingekuwa mbili tofauti, wastani wake ungekaa katikati, na hakuna namba inayoingia hapo.

Ukimaliza, andika juu ya kila nukta jina lake halisi, √2 na si 1.41, kisha mpangilio chini: −7/4 < −√3 < 2/3 < √2 < √5 < π. Kagua kwa rula umbali kati ya √2 na √5. Unatakiwa kuwa milimita 29.6, ukikosea zaidi ya milimita 1, anza kwa kukagua ile mistari ya wima.